Anti, nimeambiwa nina mtazamo hasi kazini kwa sababu sisaini joto ambalo sijapima

SWALI

Anti shikamoo,

Naomba usitaje jina langu wala la kampuni maana hii stori wenzangu wakiisoma watajua ni mimi moja kwa moja. Mi ni mdada, nafanya kazi kwenye ghala la dawa, upande wa chumba cha baridi, kule zinakokaa insulini, chanjo na vitu vingine vya kutunzwa kati ya digrii 2 na 8. Tunapokea mzigo, tunapanga, tunatoa, na kila baada ya masaa mawili mtu anatakiwa aingie asome kipimajoto, aandike kwenye karatasi iliyoning'inizwa mlangoni na aweke saini. Mwisho wa shifti yule anayeingia naye anasaini chini kwamba amepokea karatasi ikiwa sawa.

Sasa balaa lote liko kwenye hiyo karatasi. Zamani kulikuwa na skrini ndogo nje ya mlango unasoma ukiwa umesimama tu, ikafa, hadi leo haijatengenezwa, kwa hiyo lazima uingie mpaka mwisho wa chumba. Jaketi ni moja na zipu yake imeachia. Usiku mpo wachache, gari linasubiri mzigo, dereva anapiga honi, nani ataingia mle ndani kila baada ya masaa mawili? Kwa hiyo wanachofanya ni kuijaza yote kwa mkupuo kunapokaribia kupambazuka. Ukiiangalia unaona kabisa, kalamu ile ile, mwandiko ule ule, 4, 5, 4, 5, 4, mpaka ile ya saa nane usiku ambayo mi mwenyewe nilimpita aliyeisaini akiwa amelala juu ya maboksi.

Halafu kuna bonasi ya shifti kila mwezi, ndogo tu Anti, wala si ya kumjengea mtu nyumba, ila sharti lake mojawapo ni karatasi isiwe na kisanduku kitupu hata kimoja. Kikikutwa kitupu shifti nzima imekosa. Mi nikipima naandika, kama sikupata nafasi ya kupima naacha wazi, na karatasi ya kupikwa nikikabidhiwa sisaini. Mwanzoni walicheka, wakaniita Mtakatifu. Bonasi ilipokatwa hawakucheka tena. Sasa hivi wana grupu lingine la wasapu mimi simo, mabadiliko ya shifti nayajulia getini.

Juzi supavaiza kanifanyia tathmini, kipengele cha "mtazamo na ushirikiano" kanipa 2 kati ya 5 na kaandika "ana mtazamo hasi, hajali timu". Anti pale mlangoni kwetu kuna bango kubwa la rangi limeandikwa UADILIFU, UBORA, USHIRIKIANO. Nilitoka kwenye kile kikao nikapita chini yake nikajisikia kama nazomewa.

Kinachonichanganya ni kwamba hawa sio watu wabaya. Mwanangu alipolazwa walinishikia shifti wiki nzima bila kunidai kitu. Kuna mzee mmoja tunamwita Babu, ndo aliyenifundisha kazi nilipoanza, yeye ndo aliniambia usiandike usichokiona. Leo na yeye anajaza, na ukimuuliza anakuapia, "mimi hiki chumba nakijua, hakijawahi kupanda." Anaamini kabisa yaani, hadanganyi, na hapo ndo napoishiwa nguvu. Wengine wao tangu ovataimu ifutwe kwa tangazo la mistari miwili bila maelezo yoyote, msemo wao ni "acha tujilipe".

Na mimi nimebadilika, najiona. Nilikuwa nafika mapema napanga shelfu kabla hata ya kukabidhiwa, sasa hivi naingia dakika ya mwisho, hata nikiona mwenzangu kabandika lebo sivyo nanyamaza, najisemea si nilishaambiwa sijali. Nasubiri muda uishe niondoke.

Anti, je mwenye tatizo ni mimi? Watu wema wanawezaje kufanya vile? Nisaini tu nipate amani, au niache kazi? Na ile fomu ya tathmini natakiwa niisaini wiki hii, nifanyeje?

Ni mimi, Mtakatifu wao

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole.

Nianze na supavaiza wako maana hapo ndo pamenichoma. Kabla ya kushika safu hii nilikaa upande wa utumishi miaka mingi, fomu za tathmini nimejaza na nimejazisha watu mpaka basi, na nakwambia hicho kipengele cha mtazamo ndo cha hatari kuliko vyote kwenye fomu nzima, kwa sababu bosi anaweza kukitumia kumwadhibu mtu kwa jambo ambalo hathubutu kuliandika waziwazi. Jiulize, ungefanya nini ili uonekane una mtazamo mzuri? Ungesaini. Sasa yeye hawezi kuandika kwenye fomu ya kampuni "huyu kakataa kusaini vipimo ambavyo havikupimwa", ikifika kwa mkaguzi anayehojiwa ni yeye, ndo maana kaandika mtazamo hasi. Mtazamo hauonekani kwa macho, bosi anaona matendo halafu anabahatisha kilichomo rohoni, na mtu mzima akitaka kukukosoa kwa haki anakutajia tendo, siku na saa. Hilo tutalirudia kwenye fomu.

Ila sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Kuna sehemu nitakugombeza, subiri.

Umeuliza watu waliokushikia shifti wiki nzima wanawezaje kuandika joto la uongo. Wanaweza vizuri tu, na ujue wema ule ule uliowafanya wakushikie shifti ndo unaowashikisha kalamu. Kuna mwanasaikolojia anaitwa Shalom Schwartz, mwaka 1992 alitoa mpangilio wa tunu 10, yaani yale mambo ambayo watu wa nchi mbalimbali wanayaona ni ya maana maishani, akazipanga kwenye duara, zinazoelewana zikakaa jirani, zinazogombana zikakaa pande tofauti. Kwenye lile duara kuwajali watu wako wa karibu na kuwajali watu wote hata usiowajua ni tunu mbili, zimepakana lakini sio kitu kimoja. Wenzako wamejaa ile ya kwanza. Mwenzao wa shifti wanamwona, wanajua ana mkopo, wanajua mkewe anaumwa, lakini mgonjwa atakayekuja kujichoma ile insulini hawamjui hata sura. Hizo tunu mbili zikikaa pamoja salama huoni tofauti yake, mtu mwema ni mwema tu. Zikigombana ndo unajua ipi ina nguvu kwake.

Na kwenu nani kazigombanisha? Sharti la bonasi. Hapo ndo kiini cha stori yako yote naomba ukitazame vizuri. Kampuni imeweka Uadilifu na Ushirikiano kwenye bango moja, halafu ikaja na sharti linalofanya kila anayesema ukweli awe anachukua hela mfukoni kwa mwenzake. Hailipi joto lililopimwa, inalipa karatasi iliyojaa, na ndo kitu inachopata kila mwezi, karatasi zilizojaa. Hata wangeleta watu wapya kabisa waadilifu kama malaika, ukiwaweka kwenye chumba kile na jaketi lile na sharti lile, baada ya muda nusu yao watakuwa wanaandika 4, 5, 4, 5.

Watu wengi tunadhani mambo yanakwenda kwa mstari, mtu ana tunu zake, tunu zinamjengea mtazamo, mtazamo unamletea tendo, kwisha. Ingekuwa hivyo mabango yangefanya kazi. Mwaka 1934 mtafiti mmoja wa Marekani, Richard LaPiere, alichapisha kisa chake, alizunguka nchi ile na mume na mke Wachina kipindi ambacho Wachina walibaguliwa sana, wakaingia sehemu 251 za kulala na za kula, wakakataliwa sehemu moja tu. Baadaye akaziandikia barua sehemu hizo hizo akiuliza kama wanapokea wageni Wachina, na zaidi ya asilimia 90 ya waliojibu wakasema hapana. Kwao tendo lilikuwa zuri kuliko maneno, kwenu ni kinyume, lakini mzizi ni mmoja. Maneno mtu anayatoa akiwa amekaa ametulia, tendo analifanya kukiwa na watu wamesimama mbele yake na mabegi mkononi. Saa nane usiku pale kwenu bango halipo mbele ya mtu, kilichopo mbele yake ni honi ya dereva, baridi, usingizi na kisanduku kitupu chenye hela za watu ndani yake.

Sasa Babu. Huyu ndo kanifanya nisome barua yako tena na tena, maana wewe umemwelewa vizuri kabisa, hadanganyi. Aliyeeleza hii hali ni mwanasaikolojia Leon Festinger mwaka 1957, kwamba mtu akijikuta anafanya jambo linalopingana na anachoamini anakosa raha moyoni, na kwa vile tendo limeshafanyika haliwezi kurudi, kinachosogea ni imani. Mwaka 1959 yeye na mwenzake James Carlsmith wakachapisha jaribio lao, waliwapa wanafunzi kazi ya kuchosha kwelikweli, sehemu yake ilikuwa kuzungusha vijiti kwenye ubao kidogo kidogo, vikiisha unaanza tena, halafu wakawaomba wakamwambie mtu anayesubiri nje kwamba kazi ni tamu. Wengine walilipwa dola 1 kwa huo uongo, wengine dola 20. Walipoulizwa baadaye wao wenyewe waliionaje kazi, waliosema ilikuwa ya kufurahisha zaidi ni wale wa dola 1. Mwenye 20 alikuwa na kisingizio, nimedanganya kwa ajili ya hela. Mwenye 1 hana, kwa hiyo kichwa chake kikamtafutia njia nyingine ya kutoka, aah mbona kazi yenyewe haikuwa mbaya hivyo.

Umesema bonasi yenu ni ndogo, wala si ya kumjengea mtu nyumba. Ndo hiyo hiyo dola 1. Ingekuwa kubwa Babu angejua kabisa anauza saini yake na usiku angekosa usingizi. Kwa kuwa ni ndogo hawezi kujiambia mtu wa aina yake, aliyefundisha vijana usiandike usichokiona, kajiuza kwa kitu kile, kwa hiyo imebaki kuamini kwamba hakuna alichokiuza, chumba kiko salama, hakijawahi kupanda. Na ukimuuliza kajuaje hakijawahi kupanda atakuonyesha nini? Atakuonyesha karatasi alizozijaza mwenyewe.

Tena yeye anazungumzia kupanda tu. Kushuka je? Insulini ikiganda haitakiwi kutumika hata ikiyeyuka, na kuna chanjo kadhaa, hizi zenye chumvi ya aluminiamu, zikiganda nguvu inapotea na kwa kuitazama tu kichupa huwezi kujua kitu. Usiku mmoja mashine ikizidisha ubaridi, mlango ukifunguliwa asubuhi chumba kinarudi kwenye digrii zake, karatasi inasema 4, 5, 4, na dawa inaondoka hivyo hivyo. Kwa hiyo kwenye suala la msingi uko sahihi wewe, na ushauri wangu usisaini. Sio kwa ajili ya kampuni tu. Ukianza kusaini leo kwa kutafuta amani hutabaki na moyo wako huu ukawa unasaini kwa shingo upande miaka yote, baada ya miezi kadhaa utakuwa unamwapia binti mpya kwamba hiki chumba unakijua.

Wale wa "acha tujilipe" ni kundi lingine, usiwachanganye na Babu. Hao hawajajidanganya, hao wana kinyongo. Mwaka 1990 mtafiti Jerald Greenberg alichapisha utafiti wa viwanda vitatu, viwili vilikata mishahara kwa asilimia 15 kwa wiki kumi, cha tatu hakikukata. Kiwanda kimoja kati ya vile viwili uongozi uliwaita watu ukawaeleza sababu kwa heshima na kwa kirefu na kuomba radhi, kingine waliambiwa kwa kifupi tu. Wizi uliongezeka kote kulikokatwa, lakini pale palipokosekana maelezo uliongezeka zaidi sana, na mishahara iliporudishwa ukashuka. Hela iliyokatwa ilikuwa ile ile kote kuwili. Kwenu wamefuta ovataimu kwa mistari miwili, watu wameona wamedharauliwa, sasa kila wakijaza kisanduku wanaona wanarudisha chao. Utawahubiria uadilifu watu wa namna hiyo? Watakuona umetumwa na ofisi. Hayo ya ovataimu yanatakiwa yasemwe kama ya ovataimu, kwa sauti na kwa wengi, yasijifiche kwenye karatasi ya joto la dawa ambayo mwisho wa siku haimuumizi meneja hata kidogo.

Haya, zamu yako ya kugombezwa. Mchumi Albert Hirschman mwaka 1970 alieleza kwamba mtu asiporidhika na sehemu aliyopo ana njia mbili, kuondoka au kusema, na jinsi anavyoipenda ile sehemu ndo inamfanya avumilie aseme kabla hajaondoka. Waliokuja baada yake wakaongeza nyingine, kuzembea kimya kimya, mwili upo kazini mtu hayupo. Wewe uko hapo mwanangu. Ulianza vizuri na kusema, wakakuzomea, ukaona bora unyamaze, na sasa unafika dakika ya mwisho. Kufika dakika ya mwisho sina neno, ni haki yako, muda wa kazi ni muda wa kazi. Lakini la kuona lebo imekosewa ukanyamaza sikubaliani nalo hata kwa dawa. Lebo sivyo kwenye ghala la dawa ina tofauti gani na joto sivyo? Yule yule mgonjwa usiyemjua. Halafu unampa supavaiza tendo halisi la kuandika, leo kakuandikia hewa, kesho ataandika la kweli, na mimi nitakosa cha kukutetea. Kesho ukiona lebo imekosewa iseme, kwa upole, hapo hapo, halafu endelea na kazi yako.

Uwaambie vipi sasa kuhusu karatasi? Ningekuwa wewe ningebadilisha njia kidogo. Kisanduku usikiache kitupu. Andika ndani yake "halikupimwa, kupakia mzigo" na saini yako, maana kisanduku kitupu kinaonekana kama uzembe au kama unakomoa watu, kisanduku chenye sababu ni taarifa, na tena kwa maneno ya sharti lenu hicho sio kitupu. Waulize kwa maandishi kama kinakubalika. Ukikabidhiwa karatasi ya kupikwa usigombane na mtu mlangoni, saini ukiongeza kwa mkono "nimepokea karatasi, vipimo vya usiku sikuvishuhudia", basi, hujamwita mtu mwongo na hujabeba mzigo usio wako. Watanuna, najua. Watanuna kidogo kuliko sasa kwa sababu hujawakatia bonasi makusudi.

Nenda kwa Babu. Nenda peke yako, sio mbele ya vijana, na usianze na uongo wala dawa wala mgonjwa, ukianza hapo lazima ajitetee na kadri anavyojitetea ndo anavyozidi kuamini. Anza na skrini ya nje. Mwambie unataka nyote muombe itengenezwe, na jaketi zipatikane za kutosha, na ungependa jina lake liwe la kwanza kwenye hilo ombi kwa sababu yeye ndo anasikilizwa. Hakuna mtu wa pale atakayepinga skrini. Ikitengenezwa, kupima kutakuwa kazi ya kupita tu mlangoni, na mimi nakuambia sehemu kubwa ya uongo wa karatasi ile itakufa yenyewe bila hotuba yoyote. Nimewahi kukaa kwenye semina za kubadilisha mitazamo ya wafanyakazi, watu wanapiga makofi, wanakula, wanapiga picha ya pamoja, jumatatu wanarudi kwenye jaketi lile lile.

Halafu lazima uongee na mtu wa kitengo cha ubora, ghala la dawa halikosi mtu huyo. Usiende na majina. Nenda na jambo lenyewe, kwamba utaratibu wa bonasi unalipa karatasi kujaa, kwamba kipimajoto hakifikiki kirahisi usiku, kwa hiyo vipimo vya usiku haviaminiki. Omba viletwe vile vifaa vidogo vinavyorekodi joto vyenyewe usiku kucha, vipo na vinatumika kwenye maghala mengi, na omba bonasi itenganishwe na visanduku. Akikuuliza moja kwa moja kama karatasi zinapikwa usimdanganye, hapo hakuna kumlinda mtu. Na ikitokea siku umeona kwa macho yako kipimajoto kimetoka nje ya 2 hadi 8, achana na huu mpango wote wa taratibu taratibu, ripoti saa hiyo hiyo, mzigo usitoke.

Najua unawaza utaonekana msaliti kwa watu waliokushikia shifti. Deni lile ni la kweli wala sikwambii ulisahau. Mlipe aliyekushikia shifti kwa kumshikia ya kwake atakapopata shida, hata kama hakusalimii, hata kama hayumo kwenye grupu lako. Kulilipa kwa saini ya joto la insulini hapana, hilo hukukopeshwa.

La kuacha kazi usiliamue ukiwa na hasira ya tathmini. Anza kutafuta kimya kimya kuanzia sasa, hilo halina hasara, mtu mwenye pengine pa kwenda anaongea kwa kujiamini zaidi. Ukishasema kwa maandishi kwa supavaiza na kwa mtu wa ubora, angalia wanajibu nini. Wakitengeneza skrini au wakigusa lile sharti la bonasi, hata kwa kujivuta, baki. Wakikujibu kwamba saini tu kama wenzako, hapo wamekuambia wenyewe ni kampuni ya namna gani, ondoka, na kwenye usaili wa kazi mpya usiwaulize tunu zao ni zipi maana watakusomea bango. Waulize, hapa kwenu mtu akisahau kupima mnafanyaje? Wakikwambia tunakata, kuwa macho. Wakikwambia anaandika sababu tunajua tufanye nini na mzigo, kaa usikilize masharti yao mengine.

Sasa ile fomu. Usikatae kuisaini, utaongeza tu "mkaidi" juu ya "hasi". Sehemu nyingi saini ya mfanyakazi pale inamaanisha umeisoma, haimaanishi umekubali, lakini kabla hujashika kalamu waulize utumishi kwenu inamaanisha nini. Kama kuna nafasi ya maoni ya mfanyakazi jaza, sentensi mbili zinatosha, "naomba nitajiwe matendo yaliyofanya nipewe 2 kwenye mtazamo na ushirikiano, pamoja na tarehe zake. Sijasaini vipimo vya joto ambavyo sikuvipima au kuvishuhudia, kama hilo ni sababu mojawapo naomba liandikwe hapa." Usiongeze neno la hasira, usitaje wenzako, usitaje bango. Supavaiza akisoma hiyo sentensi ya pili ana mawili, aiandike sababu kwa mkono wake au abadilishe ile 2. Wakikwambia hakuna nafasi ya maoni andika kwenye karatasi yako, weka tarehe, peleka utumishi wakugongee muhuri wa kupokelewa, nakala moja kaa nayo nyumbani.